Kofi la Bunduki Kabla ya Harusi

Harusi yangu ilikuwa imebakisha wiki chache tu niliporudi nyumbani Jumapili moja jioni, shavu la kulia limevimba kama andazi. Mama alikuwa uani akianua wimbi. Alinitazama mara moja, akaweka ungo chini, akaniuliza ni nani. Hakuuliza ni nini. Nikamwambia ni bunduki. Akaniangalia kama mtu anayemsikiliza mlevi, kisha akaingia jikoni kuchemsha maji ya chumvi.

Tuanzie mwanzo, maana hata leo nikisimulia kisa hiki kuna watu wanaonikunjia uso. Miaka ile ya tisini nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Lilikuwa la familia ya Kihindi iliyokaa mjini tangu enzi za babu yao. Mwenye duka alizaliwa pale pale, orofani, juu ya misumari na mabati yake, na akigombania bei na wanawake wa sokoni aligombana kwa Ekegusii safi, lugha yetu Wagusii, vijembe vikiwemo. Sisi wafanyakazi tulimwita Mzee, na mkewe tukimwita Mama wa dukani. Jumapili walifunga duka, wakafungia bunduki zao kwenye sanduku la chuma, wakapanda pikapu kwenda upande wa Nyamira, ambako mameneja wa shamba moja la majani chai walikuwa na uwanja wa kulenga visahani.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mashine yenye springi hurusha kisahani cha udongo, cheusi, chenye ukingo wa rangi ya machungwa. Kinapaa juu ya majani chai kwa kasi ya mbayuwayu, nawe unakifuata kwa bunduki ya marisau, ile inayotema risasi ndogondogo nyingi kwa mpigo. Ukikipata kinageuka vumbi. Ukikikosa kinaanguka taratibu huko mbele kama kinakucheka.

Mimi nilichukuliwa kwenda kusaidia chai na sambusa, basi. Nilidhani na Mama wa dukani amekuja kwa ajili hiyo hiyo. Mara akavua bangili zake, akazitia mkobani, akachukua bunduki, akasema, "Vuta," na kile kisahani kikawa unga. Akavunja na kilichofuata. Kisha akanigeukia, akaniuliza mbona nimeachama, au nataka kujaribu.

Nilitaka. Jamani, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote dukani kwake. Nikashika bunduki kama nilivyomwona akishika, nikasema vuta, nikafyatua, na sijui nilikilengaje, lakini kile kisahani kilipasuka juu ya yale majani mabichi na vumbi lake likaning'inia hewani. Nilipiga kigelegele. Mameneja wa chai wenye makofia yao wakageuka kutazama harusi iko wapi. Nikaomba kingine, na kingine, na kingine, na kila nilipofyatua kitako cha bunduki kilinizaba kofi shavuni, lakini kwa furaha niliyokuwa nayo hata kama kingening'oa meno nisingejali. Maumivu yalikuja baadaye, ndani ya pikapu, tulipokuwa tukishuka kuelekea Keumbu, ambako nilishukia.

Basi Jumamosi iliyofuata, siku ya sabato yetu, nilikwenda kanisani na alama nyeusi chini ya jicho. Nilijifunga kitambaa, nikakivuta mbele, lakini kuficha shavu mbele ya kina mama wa kanisa ni kuwaalika walichungulie. Hawakuuliza. Walinipa pole tu, pole ndefu, ya kushikana mikono. Kabla ya ibada kwisha, kijiji kizima kilijua kwamba mchumba wangu ameanza kunipiga hata kabla hajanioa.

Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Suneka, mtu mpole, wa kuita jirani akitaka kuku wake achinjwe. Alipopata habari alikuja kwetu siku hiyo hiyo, viatu vimejaa matope. Akaketishwa sebuleni, na hakuna aliyempa chai. Kwetu mgeni akikosa chai ujue kesi yake imekwisha amuliwa. Aliwaambia kaka zangu, kwa sauti ile yake ya darasani, "Mimi sikumgusa. Ni bunduki." Kaka yangu mkubwa akamjibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, akatoka nje ili asimkunje shati.

Nilijaribu kusema, nikaambiwa niende jikoni. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Msichana akisema amepigwa na mtu anaaminiwa hata kabla ya kumaliza sentensi, lakini akisema amepigwa na bunduki ya michezo, eti anamficha mwanamume.

Baba hakuniuliza neno. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima inayomzuia baba kumkodolea macho binti yake mtu mzima na kumhoji mambo ya mwanamume. Alimtuma Mama. Mama akanikuta nikichambua mboga, akanipa ujumbe kama alivyopewa: alama ya pili ikionekana kwenye uso ule kabla ya harusi, ng'ombe wa mahari wanarudi Suneka. Baba hakuwa mtu wa kutishia. Alikuwa mzee wa kanisa na alisema mambo mara moja.

Mtu mwenye akili angeiacha bunduki. Nililifikiria hilo usiku kucha, nikaona ni mtego. Nikiacha, shavu likapona, watasema kijana ameonywa akakoma, na mume wangu ataishi na jina la mpigaji wa wanawake mpaka wajukuu wetu walisikie. Njia ya kumsafisha ilikuwa moja tu, Baba aione bunduki yenyewe kwa macho yake. Na zaidi ya hapo, kwa nini nidanganye, nilikuwa nimekwisha kunogewa. Mameneja wa chai walikuwa wamewaalika watu wa mjini kushindana nao, Jumapili moja kabla ya harusi yangu, na Mama wa dukani alikuwa ameteguka kifundo cha mkono akishusha debe la rangi. Aliniomba nishike nafasi yake. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba.

Nikamtuma Mama kwa Baba na ujumbe wangu: aje aone. Jibu likarudi kwamba atakuja, ila neno lake kuhusu alama liko pale pale.

Sasa kazi ikawa kulilinda shavu. Mzee alinifundisha Jumapili mbili mfululizo, na alifundisha kwa makelele kama anayeuza mabati. Alisema watu wengi hudhani ukiiogopa bunduki ukaiweka mbali na uso, itakukosa. Kumbe ndiyo unaipa nafasi ya kuchukua mbio kabla ya kukupiga. Kitako kikae kwenye kile kishimo cha bega, si juu ya mkono. Bunduki iinuliwe ifuate shavu, si kichwa kuinama kuifuata bunduki. Shavu lilale juu ya mbao ya kitako na lisinyanyuke kutazama kisahani kimevunjika au la. Mguu wa mbele ukunjwe kidogo, mwili uelemee mbele, makalio nyuma, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Akanipa na risasi nyepesi zaidi. Bega langu, lililokuwa likiuma nalo, likapona kabisa. Shavu halikusalimika. Kila nikifyatua, pale pale, kofi. Nikawa naacha baada ya risasi mbili tatu, nakimbilia barafu kwenye sanduku la soda, nalibana shavuni huku nikimwomba Mungu.

Mzee alikuna kichwa. Alinizunguka kama fundi anayezunguka gari lisilowaka. Akaniambia navusha kichwa juu ya mbao, kama mtu anayechungulia ng'ambo ya ua, na mimi nikamwapia kwamba sivushi. Kweli sikuhisi. Nilikuwa nikijiona nimenyooka.

Nyumbani nikawa najizoeza na mchi wa kinu mbele ya kioo cha Mama. Siku moja, zikiwa zimesalia siku chache kabla ya mashindano, Mama aliingia akanikuta nimeweka mchi begani namlenga jogoo aliyekuwa dirishani. Hakucheka. Alikuwa akishona pindo la gauni langu la harusi na macho yake yalikuwa yameanza kumtupa, akanipa sindano na uzi nimtungie. Nikainua sindano kwenye mwanga, nikafumba jicho la kulia, nikatunga.

Mama akanishika mkono. Akaniambia nirudie. Nikarudia, na tena nikafumba la kulia, nikachungulia kwa la kushoto. Akaketi kitandani, gauni magotini, akasema:

"Wewe ulikuwa wa kushoto. Ulipoanza kula mwenyewe ulikula kwa huo. Nyanya yako akasema utawatia watu aibu, utampa mgeni chakula kwa mkono wa kushoto. Tukakufunga kitambaa kwenye huo mkono mpaka ukausahau."

Sikulijua hilo. Nilitazama mkono wangu wa kushoto kama ndugu aliyepelekwa kulelewa mbali. Nilitaka kuudhika, lakini uso wa Mama ulikuwa umejaa huzuni kiasi kwamba nilimkumbatia. Alikuwa amefanya walivyofanya wote. Mtoto wa kushoto kwetu alirekebishwa, nyumbani kwa kitambaa na shuleni kwa kiboko, na mwalimu na mzazi walipeana pongezi.

Asubuhi nilimkimbilia Mzee kabla hajafungua makufuli. Nilipomweleza alipiga paji la uso wake kwa kiganja. Akanisimamisha mlangoni, akaniambia ninyooshe kidole kwenye saa iliyokuwa ukutani ng'ambo ya barabara, macho yote wazi, kisha nifumbe la kushoto. Kidole kikaruka kikaiacha saa kabisa. Nikafumba la kulia, kidole kikabaki pale pale juu ya saa. Mzee akacheka mpaka wapita njia wakasimama. Ndiyo hiyo, alisema: jicho langu la kulengea ni la kushoto, nami naweka bunduki bega la kulia, basi kichwa kinavuka mbao chenyewe kulifuata jicho, na shavu linabaki limening'inia pale linasubiri kofi. Hamishia bega la kushoto. Na usiguse bunduki yangu, akaongeza, kwa sababu kitako chake kimepindishwa kwa mtu wa kulia na kitakuja moja kwa moja usoni mwako. Tumia ya mke wangu, ile imenyooka.

Jumapili ikafika. Asubuhi Baba alitoka amevaa suti yake ya kanisani na kofia. Mchumba wangu naye alikuja, maana nilimwambia kesi ni yake. Mzee alikuja kutuchukua na pikapu. Baba akapanda mbele, mchumba wangu akapanda nyuma na masanduku ya soda, maana baba mkwe na mkwe hawakai wakigusana mabega. Njia nzima hawakusemezana. Uwanjani Baba akapewa kiti, na mkwe wake akasimama mbali kwa heshima, mikono nyuma, kama anayesimamia mtihani.

Nilipoitwa nilikwenda na bunduki ya Mama wa dukani. Nikainua bunduki, nikaileta kwenye shavu la kushoto. Sikujua mwili unaweza kukumbuka kitu ulichofungiwa tangu utotoni. Mbao ililala pale shavuni kama imechongewa pale, jicho likaona mtutu wote mpaka ncha, nikainama mbele, nikasema, "Vuta."

Kisahani kikatoka. Nikakifuata, nikafyatua, kikapotea. Vumbi tupu! Nilisahau kwamba Baba yuko. Bunduki ilinisukuma, ndiyo, lakini ilinisukuma kama mtu anayekuamsha, begani na shavuni kwa pamoja, wala hakukuwa na kofi. Kilichofuata nikakikosa kwa sababu nilikuwa nikicheka. Nilichovunja baada yake kilinifanya nitake kurukaruka, na baada ya hapo nilivunja vingi kuliko nilivyokosa. Mama wa dukani, mkono wake kwenye bandeji, alikuwa akinishangilia kwa lugha tatu. Watu wa mjini tulishindwa kwa kisahani kimoja, na kisahani hicho alikikosa Mzee, si mimi.

Baba akainuka kitini. Alikuja mpaka mbele yangu, na chinsoni zote akaziacha kwenye kile kiti. Akanitazama shavu la kushoto, akanitazama la kulia. Kisha akasema mbele ya wote, "Hakuna kitu hapa. Hiki chombo hakipigi mtu." Akageuka taratibu kumtazama mkwe wake.

Nilikuwa nimelilinda shavu vizuri mno. Sasa mchumba wangu alikuwa na hatia kuliko asubuhi, na ushahidi ni mimi. Mzee akamweleza habari za jicho, mkono na bega, na Baba akasikiliza hadi mwisho kama anavyosikiliza mahubiri marefu. Halafu akavua koti.

"Leteni nijaribu," akasema.

Mzee alimpa ile bunduki yake mwenyewe ya mtu wa kulia, risasi nyepesi, akamwelekeza kwa upole ambao sikuwahi kuuona dukani. Laza shavu, mzee wangu. Kunja goti. Inama mbele, rudisha makalio nyuma. Baba akashtuka. Akatupa jicho kule alikosimama mkwe wake, na mimi nikajua mara moja kwamba amekwisha. Baba mkwe wa Kigusii hawezi kubinua makalio mbele ya mume wa binti yake, hata mbingu zianguke. Alisimama wima kama anayeimba wimbo wa taifa. Kichwa juu, kidevu mbele, shavu mbali na mbao kwa nafasi ya kupitisha mkono. Mzee akamsihi tena. Baba akasema kwamba amesikia.

"Vuta," akasema.

Kisahani kikaenda zake majani chai. Kofi lililia, na kofia ya Baba ikaenda upande wake. Hakuna aliyecheka. Mama wa dukani alijifunika mtandio uso mzima. Baba akamrudishia Mzee bunduki kwa mikono miwili, akaokota kofia, akasema haikuuma. Njiani kurudi alimwambia Mzee asimamishe gari, akateremka, akaenda nyuma, akamwambia mchumba wangu apande mbele, yeye mwenyewe akapigwe na upepo. Mchumba wangu alikataa, bila shaka. Ikabidi Mzee awaombe wote wawili wakae nyuma, na kupitia kioo niliwaona wameketi juu ya masanduku ya soda, kila mmoja akitazama upande wake.

Jumapili iliyofuata Baba alinishika mkono kunipeleka madhabahuni. Shavu langu lilikuwa safi, limepakwa mafuta, linang'aa. La kwake lilikuwa zambarau kwa juu na limeanza kugeuka kijani kwa chini. Shangazi wa mchumba wangu, waliokuja kutoka Suneka kumkagua bibi harusi, hawakunikagua hata kidogo. Macho yote yalikuwa kwa Baba, kisha yakahamia kwa Mama, kisha yakarudi kwa Baba. Wakati wa chakula mmoja wao alimvuta Mama pembeni, akamwambia kwa upendo kwamba sote tumeolewa, dada, tunajua wanaume wanavyochosha, lakini usimmalize mzee wa watu.

Baba akalisikia. Akasimama kutoa shukrani, na baada ya kuwashukuru wageni na mchungaji na wapishi, akasema anaona watu wananong'ona, basi wajue kwamba hili ni kofi la bunduki. Hema zima likacheka mpaka viti vikayumba. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyecheka zaidi. Baba akasubiri wanyamaze, akaona hawanyamazi, akamnyooshea kidole bwana harusi.

"Kijana wangu alikuwepo. Na aseme."

Mume wangu akasimama. Ndiye aliyeweza kumwokoa, yeye peke yake. Aliinamisha kichwa, mikono nyuma, kama siku ile uwanjani, akasema kwa sauti ya heshima kabisa kwamba mkwe haoni baba mkwe akipigwa. Akaketi.

Kicheko kilichofuata sijakisikia tena maishani. Baba alisimama pale na shavu lake, amesema ukweli mtupu, na hapakuwa na mtu mmoja aliyemwamini. Jioni, tulipokuwa tukiaga, alinisogelea, akaniambia nimwambie huyo mume wangu awaeleze watu wake ukweli.

"Tata," nikamwambia, "alikuja kwenu na ukweli huo huo, hamkumpa hata chai."

Aliligusa shavu lake. Kisha akaenda mwenyewe jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona akiingia, akatoka na kikombe cha chai amekishika kwa mikono miwili, akampelekea mkwe wake. Mume wangu akakipokea akiwa amesimama, akanywa yote, ingawa ilikuwa imepoa.